Kisangani: Studios Kabako ilirudi nyumbani, sasa ni nani atailinda?

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ya 1998 hadi 2003. Pesa hizo ziligawanywa katika mafungu matatu: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa asili uliochukuliwa. Kisangani ni kati ya miji inayofuatilia pesa hizo kwa karibu sana. Zaidi ya makombora 6 000 yaliangukia mji huo kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani yake. Tangu malipo yaanze, wahanga wanauliza nani ameandikwa, nani amelipwa na nani amesahauliwa.

Lakini kuko jambo ambalo halimo katika mafungu hayo matatu. Kijana aliyezaliwa Kisangani nyuma ya mwaka 2000 ataambiwa na nani kilichotokea katika mtaa wake? Atajifunza wapi kusema yale ambayo wazazi wake walinyamazia? Mahakama haikulipia kazi hiyo, na serikali ya Kinshasa vilevile haijaifanya kuwa yake. Kati ya wale waliojitwika mzigo huo bila kungoja hukumu kuko kundi la dansi ya kisasa linaloitwa Studios Kabako, lililoanzishwa mwaka 2001 na Faustin Linyekula. Historia ya kundi hilo inaonyesha namna kazi ya sanaa inavyoweza kudumu katika inchi yenye vita. Inaonyesha pia mahali ambapo kazi hiyo inaweza kukatika.

Dansi ya amri

Linyekula alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, kusini mwa Kisangani. Mwaka huohuo, utawala wa Mobutu uliunda Balé ya Taifa ya Zaire, ikikusanya wachezaji kutoka pembe mbalimbali za inchi. Kazi yake iliyojulikana sana ilikuwa ile ya Lianja, shujaa wa hadithi za Wamongo. Ulikuwa wakati wa siasa ya « authenticité », na mwezi wa Oktoba dunia nzima ilitazama Kinshasa kwa ajili ya pigano la Mohamed Ali na George Foreman. Zaire ilitaka ionekane kubwa, na dansi ilikuwa chombo kimoja cha kuionyesha.

Watu wazima wa Kivu, Maniema na Tshopo wanakumbuka pia upande wa pili wa dansi hiyo: « animation politique ». Wanafunzi na wafanyakazi walipangwa kwa mistari ili wacheze na kuimba sifa za kiongozi na za chama cha MPR. Aliyecheza hakuulizwa kama anapenda. Kwa miaka mingi, dansi mbele ya serikali ilikuwa na maana moja tu: kukubali.

Kisha serikali hiyo ikachoka. Pesa zikaisha, mishahara ikawa hadithi, na Balé ya Taifa ikadhoofika pamoja na dola iliyoiunda. Waliokuwa wameiwakilisha inchi katika kumbi kubwa wakazeeka bila wengi kukumbuka majina yao. Mwaka 2019 Linyekula aliwarudisha jukwaani wakongwe watatu wa Balé hiyo, Marie-Jeanne Ndjoku Masula, Wawina Lifeteke na Ikondongo Mukoko, katika mchezo wa « Histoire(s) du théâtre II ». Ulitengenezwa kwa ombi la tiyatri ya NTGent ya Ubelgiji na kuonyeshwa kwenye festivali ya Avignon, Ufaransa. Wakongwe hao walisimulia wenyewe maisha yao katika sanaa ya serikali. Lakini ilibidi tiyatri ya Ubelgiji iombe kazi hiyo ndipo historia ya Balé ya Wakongomani isimuliwe hivyo.

Njia ya Nairobi

Studios Kabako ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Linyekula alikulia Kisangani na kuanza na maandiko na tiyatri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vikuu vilipofungwa, alifanya kama vijana wengi wa mashariki: alitazama upande wa Afrika Mashariki, akaenda Kenya.

Huko Nairobi, mwaka 1997, alianzisha kundi la Gàara pamoja na Mkenya Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Ni kundi linalohesabiwa kuwa la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Mchezo wao « Cleansing » ulipata tuzo mwaka 1998 katika mashindano ya dansi ya Afrika na Bahari ya Hindi yaliyofanyika Luanda, Angola. Kutoka hapo milango ya Ulaya ilifunguka, na angeweza kubaki huko. Wengi wa rika lake, wasanii na wasio wasanii, walibaki.

Mwaka 2001 alirudi Kongo. Laurent-Désiré Kabila alikuwa ameuawa mwezi wa Januari mwaka huo, inchi ilikuwa imekatwa vipande, na Kisangani ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Mtu aliyetoka ng'ambo ya serikali hakuweza kufika huko kwa urahisi. Alianza basi Kinshasa. Kundi alilipa jina la Richard Kabako, rafiki yake wa ujana aliyekufa bila kuona ndoto zao zikitimia. Hivyo tangu siku ya kwanza, jina la kundi lilikuwa ukumbusho wa marehemu.

Maswali badala ya sifa

Michezo ya miaka ile inaonyesha wazi tofauti na dansi ya zamani. « Le Festival des mensonges », ni kusema sikukuu ya uongo, ilichezwa kukiwa na muziki, chakula na vinywaji kama kwenye nganda, huku sauti za hotuba za viongozi wa inchi zikisikika. Mtazamaji alikula, akanywa, akacheka, na kati ya kicheko alisikia ahadi ambazo Wakongomani wameahidiwa tangu 1960. Mbele yake, wachezaji walisimulia mambo yao wenyewe, na hakuna aliyejua kwa hakika lipi ni kweli na lipi ni uongo.

Mwaka 2006 ulikuja « Dinozord », uliotengenezwa kwa ajili ya festivali aliyoiongoza Mmarekani Peter Sellars huko Vienna. Jina hilo ni la utani la mchezaji kijana wa Kinshasa, Jeannot Kumbonyeki. Ndani ya mchezo huo walikuwemo pia mwimbaji Serge Kakudji na maandiko ya Antoine Vumilia Muhindo, rafiki wa zamani wa Linyekula ambaye wakati ule alikuwa katika gereza la Makala, akiwa amehukumiwa kifo katika kesi ya kuuawa kwa Kabila. Mchezo ulikuwa kama matanga ya kizazi kizima: nani amekufa, nani yuko gerezani, nani amekimbia, nani amebaki kucheza.

Maandiko ya Vumilia yalitumika tena mwaka 2009 katika « more more more... future ». Mara hii Linyekula alichukua ndombolo, muziki ambao kila Mkongomani anaujua, akampa kazi mpiga gitaa Flamme Kapaya, aliyejulikana kwa kazi yake na Werrason. Muziki wa sherehe ulibaki, lakini maneno ya kusifu wakubwa na matajiri, yale yanayoitwa mabanga, yaliondolewa. Mahali pake kulisikika maneno ya mfungwa.

Hapo ndipo msomaji anaweza kuelewa kwa nini dansi hii haifanani na ile ya televisheni. Watu wengi, hata Kisangani kwenyewe, wamekuwa wakisema kwamba ni dansi ya Wazungu, haina mdundo, haichezeki. Lawama hiyo ina sehemu ya kweli, kwa sababu michezo mingi ilionekana kwanza Brussels, Paris au Vienna kabla ya kufika nyumbani. Lakini mambo yanayosemwa ndani yake ni ya hapa: gereza la Makala, reli ya Ubundu, makombora ya Juni 2000, ahadi za viongozi.

Kurudi Kisangani

Uamuzi mkubwa zaidi katika historia ya kundi hilo si mchezo wowote. Ni ule wa kuhamisha makao kutoka Kinshasa kwenda Kisangani, kati ya 2006 na 2007. Katika Kongo, msanii anayepanda hutoka mkoani akaenda Kinshasa, na kutoka Kinshasa akaenda Ulaya. Studios Kabako ilifuata njia hiyo kinyumenyume. Mwaka 2007 Linyekula alipata tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi, na wakati huohuo alikuwa akipanga kazi katika mji ambao umeme ulikuwa wa bahati na barabara nyingi zilikuwa zimemezwa na msitu.

Akiwa na Virginie Dupray, msimamizi wa kundi, walitengeneza mahali pa mazoezi, pa kurekodi muziki na pa kufundishia. Vijana wa mji waliweza kujaribu dansi, tiyatri, muziki na video bila kwanza kupata viza. Msanifu wa majengo kutoka Austria, Bärbel Müller, alichora pamoja nao wazo la vituo vidogo vilivyotawanyika katika mitaa mbalimbali badala ya jumba moja kubwa katikati ya mji. Wazo hilo lina maana yake katika Kisangani, mji uliogawanywa na mto na ambao nauli ya kuvuka inaweza kumzuia kijana asifike kwenye mazoezi.

Kazi ya wakati huo iliendelea kuchimba historia ya mji na ya pembeni yake. Katika « Le Cargo », mchezo wa peke yake wa 2011, Linyekula alirudi Obilo, kijiji kwenye reli ya Kisangani na Ubundu alikoona dansi kwa mara ya kwanza akiwa mtoto. Mwaka uliofuata, balé ya Lorraine huko Ufaransa ilimpa kazi ya kutazama upya « La Création du monde », mchezo wa 1923 ambao Wazungu waliutengeneza wakidai unaonyesha Afrika. Aliuliza mbele ya Wafaransa kwa nini hakuwemo Mwafrika hata mmoja aliyesema.

Mwaka 2017, katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York, alifanya kazi kutokana na sanamu ya Walengola, watu wa misitu ya Ubundu ambako familia yake ina mizizi. Sanamu ilikuwa imelala katika stoo ya jumba hilo. Mchezo uliitwa « Banataba », jina la kijiji. Wakati Ulaya na Marekani wanabishana kama warudishe vitu vya Afrika au la, mtu wa Tshopo alikuwa amekwisha kwenda kukutana na kitu cha nyumbani kwao.

Lubunga, ng'ambo ya mto

Kwa wakaaji wa kawaida wa Kisangani, hata hivyo, jina la Kabako linashikamana zaidi na Lubunga, mtaa wa ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo. Ni mtaa pekee wa mji ulio upande huo. Anayetaka kwenda huko hupanda mtumbwi au chombo cha mota, kisha hutembea kwa miguu, kwa pikipiki au kwa toleka. Reli ya kwenda Ubundu inaanzia huko, lakini miaka mingi garimoshi limekuwa likisubiriwa kuliko kuonekana. Maji safi na umeme ni shida ya zamani.

Studios Kabako ilichagua kufanya kazi na watu wa mtaa huo, kwa sanaa lakini pia kwa mambo ya mazingira na maji ya kunywa. Mwaka 2014 shirika la CurryStone la Marekani lilitoa tuzo kwa kazi hiyo. Watu waliuliza: kundi la dansi linatafuta nini kwenye maji? Jibu liko katika maisha ya kila siku ya Lubunga. Msichana anayepoteza saa nyingi kutafuta maji hana nafasi ya kufika kwenye mazoezi.

Ni hapohapo Lubunga ambapo vita vipya vilizuka. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliotokana na ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo, uliwaka huko Lubunga na katika wilaya ya Ubundu. Mamia ya watu waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu walivuka mto kutafuta hifadhi katikati ya mji. Wengi walijificha shuleni na katika makambi ya muda. Macho ya inchi yalikuwa Kivu Kaskazini, na Lubunga ilibaki kama habari ya pembeni.

Kusema kwamba dansi ingeweza kuzuia mauaji hayo ni kujidanganya. Ardhi ilihitaji sheria, na muuaji alihitaji kukamatwa. Lakini mahali ambapo watoto wa Kimbole na wa Kilengola wamezoea kukaa katika chumba kimoja, wakitengeneza kitu kimoja, ni adimu sana. Mahali kama hapo pakifungwa, kanisa, shule na soko vinabaki kubeba mzigo wote, na katika vita vya 2023 hata hivyo vilitikisika.

Pesa zinatoka wapi?

Hapa ndipo swali la leo linapoingia. Kazi kubwa za kundi zimelipwa kwa njia moja iliyo ya kawaida katika dansi ya kisasa: tiyatri na festivali za inchi za nje zinatoa pesa kabla mchezo haujatengenezwa, kisha zinanunua maonyesho. Linyekula amekuwa msanii wa mwaka wa mji wa Lisbon mwaka 2016, na mshirika wa festivali ya Uholanzi mwaka 2019 pamoja na William Kentridge wa Afrika Kusini. Heshima hizo zinaleta safari, na safari zinasaidia kulipa kazi ya nyumbani.

Njia hii ilileta uhuru. Hakuna gavana wala chama kilichoweza kuamuru kundi licheze kwa ajili ya kampeni. Lakini ina udhaifu wake, na ulionekana mwezi wa Machi 2020. Linyekula alipofika Tate Modern huko London kwa ajili ya « My Body, My Archive », korona ilifunga milango, na mchezo ukarekodiwa bila watazamaji. Safari zikisimama, chemchemi ya Kisangani nayo inapungua.

Leo shida si ugonjwa. Marekani imefunga shirika lake la misaada la USAID mwaka 2025, na Ufaransa, Uholanzi na Ubelgiji zimepunguza pesa zao za ushirikiano. Tiyatri za Ulaya zenyewe zinalalamika kwamba bajeti zimekatwa. Kwa upande mwingine, tangu Januari na Februari 2025 Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23, na kila franga ya serikali inaitwa kwenye vita. Katika hali hiyo, anayeomba pesa za dansi anaonekana kama mtu wa mzaha.

Kuko pia suala la watu. Wachezaji waliopita katika kundi hilo wametawanyika, kama Djodjo Kazadi aliyekwenda kufanya kazi Mayotte. Dorine Mokha wa Lubumbashi, mmoja wa vijana waliofanya kazi karibu na Studios Kabako, alifariki mwaka 2021 akiwa bado kijana. Kundi linaloshikwa na jina la mtu mmoja haliwezi kukwepa swali la kurithishana, hata mtu huyo awe na nguvu namna gani.

Serikali inaweza kufanya nini?

Jibu la haraka ni kwamba serikali ichukue kazi hiyo mikononi. Historia ya Balé ya Taifa inaonya juu ya jibu hilo. Kilichoundwa kwa amri ya mkubwa kilikufa njaa pamoja na mkubwa. Hata jumba jipya la makumbusho la taifa, lililofunguliwa Kinshasa mwaka 2019, lilijengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Na mwaka 2021 UNESCO ilipoweka rumba ya Kongo katika urithi wa dunia, sherehe zilikuwa kubwa, lakini mwanamuziki wa Kisangani au wa Uvira hakupata kwa sababu hiyo chumba cha mazoezi.

Kuko mambo madogo ambayo hayahitaji serikali imiliki sanaa. La kwanza ni ardhi: kulinda kwa hati viwanja vya vituo vya utamaduni, ili visiuzwe siku mwanzilishi hayupo. La pili ni shule: kuwaruhusu walimu wapeleke wanafunzi waone michezo inayosimulia historia ya mji wao. La tatu ni pesa za fidia zenyewe. Wahanga lazima walipwe kwanza, na hilo halina mjadala. Lakini mji uliopigwa makombora unahitaji pia mahali pa kuweka ushuhuda wa waliobaki, na wasanii wa Kisangani wamekwisha kuonyesha kwamba wanajua kuupokea.

Hayo yanahusu pia miji mingine ya mashariki. Goma ina Yolé!Africa, ambayo kwa miaka zaidi ya 20 imewapa vijana kamera na jukwaa. Bunia, Bukavu, Beni na Kindu zina vikundi visivyo na jina kubwa, vinavyofanya mazoezi katika ua wa parokia au chumba cha shule jioni. Kila kikundi kinategemea mtu mmoja au wawili wasiochoka, na mfadhili anayeweza kuondoka kesho.

Studios Kabako imeonyesha kwamba mtu anaweza kufika New York na Avignon na bado arudi kuishi karibu na maporomoko ya Boyoma. Imeonyesha pia kwamba kurudi hakutoshi kama wenye mji hawahesabu alichorudi nacho kuwa chao. Uganda ilipewa miaka mitano kulipa deni lake, milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Deni la Kongo kwa wale waliobaki Kisangani wakifundisha watoto kusimama, kupumua na kusema halijaandikwa popote, na hakuna mahakama itakayokuja kulidai.